Onyo la Mzee wa Magunia

Kichwa kile cha habari nilikiandika mimi, kwa mikono yangu hii, nikiwa kwenye chumba changu cha kazi Makole, nimekunja nne, chai ya tangawizi pembeni, najiona mjanja kuliko mji mzima. Naanza na hilo kwa sababu kwa muda mrefu nilikisimulia kisa hiki nikiwatupia lawama watu wa mtandaoni, na kila niliyemsimulia alinipa pole. Pole zile nilizipokea bila haki. Moto niliuwasha mimi, wao walipuliza tu.

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Nimewatengenezea wenye nyumba za wageni, fundi wa madirisha ya alumini, shule ya chekechea ya mtaa wa Kikuyu, na mchungaji mmoja aliyetaka picha yake iwe kubwa kuliko ya msalaba. Lakini kutengeneza ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuita watu, maana tovuti isiyoitiwa watu ni sawa na duka lililofunguliwa porini. Kwenye kuita nilikuwa hodari, na sisemi hivyo kwa majivuno, ndiko kulikoniponza. Nilijua maneno gani yanasimamisha kidole cha mtu anayeperuza simu yake. Nilijua kwamba furaha hukipunguza mwendo tu, ila hofu hukisimamisha kabisa.

Yule mama alikuja kwangu asubuhi moja ya kiangazi, vumbi la Kongwa bado limeganda kwenye kandambili zake. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, Mgogo, mfupi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alifungua kanga akatoa makopo mawili ya siagi ya karanga aliyoisaga mwenyewe, akayaweka juu ya meza yangu, katikati ya nyaya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa wewe ndiye unayewaingiza watu kwenye simu. Niingize na mimi."

Mwenye maduka makubwa mjini alikuwa amekubali kupokea mzigo wake, ila alitaka kwanza aone ana tovuti, wateja wajue bidhaa inatoka kwa nani. Mama alikuwa ameanza na kinu na sufuria moja. Sasa alikuwa na mashine ya kusagia na kibanda cha matofali ya kuchoma. Akanieleza jambo ambalo mtu wa uwanda huu hahitaji kuelezwa mara mbili: watu huku wanaziogopa karanga, na hawaziogopi bure. Karanga na mahindi yakianikwa chini yakapata unyevu, huota ukungu wenye sumu, sumukuvu, na sumu hiyo huua. Ndiyo maana yeye alianika juu ya turubai, kisha akachambua punje kwa punje kwa mkono, yenye doa akaitupa.

"Mimi siuzi karanga," alisema. "Nauza watu kuniamini. Siku wakiacha kuniamini, na mashine nitaiuza chuma chakavu."

Nilipenda maneno yale nikayaweka kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti. Mimi pia ndiye niliyemshauri aweke picha ya uso wake kwenye vifuniko vya makopo. Alikataa. Akasema uso wa mjane si wa kubandikwa kila mahali, nani anataka kuangaliwa na bibi kizee anapokula mkate? Nilibishana naye, maana ubishi nimezaliwa nao, nikashinda. Baada ya wiki mbili kila kopo lilitoka na uso wake, anacheka, pengo la mbele linaonekana.

Siku ya kwenda kumpiga picha nilishukia Mbande, nikachukua bodaboda mpaka Kongwa. Pembeni ya kibanda chake sokoni alikaa mzee mmoja wa Kinyamwezi, muuza magunia. Aliyashona yaliyotoboka kwa shazia, ile sindano kubwa, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Wanyamwezi na Wagogo ni watani. Kwa aliyezaliwa nchi hii sina haja ya kueleza utani, lakini nitaeleza, kwa sababu naona hata sisi wenyewe tunausahau. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akakuita mwizi, akaondoka na kuku wako, nawe hukasiriki. Ukikasirika umeukana undugu. Wawili hawa walikuwa wametukanana kila siku ya soko kwa miaka zaidi ya ishirini, na siku mmoja wao alipougua mwenzake aliuza kwa niaba yake.

Nilipotoa simu kuanza kurekodi, mzee aliweka shazia chini akasimama bila kualikwa.

"Sikilizeni!" alisema, kidole juu, uso mkavu kama wa hakimu. "Msinunue karanga za huyu mama. Zina sumu. Zilimuua kaka yangu. Na mimi nilionja kijiko kimoja tu, mnayemwona hapa ni maiti, jioni narudi kaburini."

"Laiti ungekuwa maiti kweli, tungepumzika!" Mama alimrukia papo hapo. "Mnyamwezi gani wewe? Wenzako walibeba mizigo mpaka pwani, wewe gunia tupu linakushinda!"

Soko lote lilicheka. Mzee akanyakua kopo mezani, akachota siagi kwa kidole, akala, akajitupa chini miguu juu, akafa. Mama akamfunika gunia. Nilicheka mpaka simu ikatikisika mkononi.

Nilirudi Makole nikiwa na furaha ya mtu aliyeokota dhahabu njiani. Nikaiweka video kwenye tovuti na kwenye kurasa zote za mitandao nilizomfungulia mama. Kisha nikakaa kutafuta kichwa cha habari. Ningeweza kuandika "Watani wa Kongwa". Ningeweza kuandika "Cheka na karanga za mama". Niliandika: MZEE ATOA ONYO ZITO KUHUSU KARANGA ZA KONGWA. Nilijua watu watabofya wakiwa na hofu, watamaliza wakicheka, watanunua. Huo ndio ulikuwa ufundi wangu.

Na kwa siku mbili ufundi ulifanya kazi. Watu walicheka, wakawaita watani wao waje waone, makopo yakatoka. Siku ya tatu mtu mmoja, mpaka leo sijui ni nani, aliikata ile video. Alibakiza maneno ya mwanzo tu: msinunue, zina sumu, zilimuua kaka yangu. Maiti aliondolewa, na jibu la mama, na kicheko cha soko, na kile kidole cha siagi. Kichwa changu cha habari alikiacha kama kilivyo. Hakikuhitaji marekebisho.

Simu ya mama ilinikuta nakula mchana.

"Mwanangu, kuna mtu kanipigia kutoka mbali huko, simjui. Ananiuliza nimeua wangapi."

Nilimwambia asijali, ni utoto wa mtandaoni, utapita. Nilipofungua kurasa mwenyewe, niliisukuma sahani ya wali pembeni. Ile video iliyokatwa ilikuwa kila mahali. Kwenye kundi la kina mama wa kanisani. Kwenye kundi la wazazi wa shule ya chekechea ya Kikuyu, tovuti yao niliyoitengeneza mimi. Hakuna aliyeiandikia neno "utani". Mtu wa mbali anaona mzee mwenye mvi, uso mkavu, anasema ndugu yake amekufa. Angejuaje?

Hapo ndipo hasira zangu zilipochukua usukani. Niliingia kwenye maoni nikaanza kujibu mmoja mmoja. Nilieleza, nikabishana, nikatukana. Bwana mmoja aliandika kwamba uso wa yule mama ulionyesha roho mbaya, nami nikamjibu maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Nilikuwa najua vizuri, na ndilo linaloniuma, kwamba mitandao hiyo haipimi ukweli, inapima kelele. Kila jibu langu lilikuwa kuni. Nilijibu siku nzima, na jioni video ilikuwa imewafikia watu wengi kuliko asubuhi.

Mwenye maduka mjini aliagiza makopo yote yatolewe kwenye rafu. Hakuwa mkali, ndiyo kwanza alikuwa na huruma. "Naelewa ni utani," aliniambia kwenye simu, "lakini wateja wangu hawanunui maelezo." Wakaguzi wa chakula wakaenda Kongwa, wakachukua sampuli, wakamwambia mama afunge kibanda mpaka majibu yatoke. Na mimi, kila nilipoandika maneno "karanga za Kongwa" kwenye sanduku la kutafutia, kitu cha kwanza kutokea kilikuwa onyo la mzee. Nilikuwa nimefanya kazi miezi miwili ili mtu akitafuta karanga za Kongwa amwone mama wa kwanza. Kweli alionekana wa kwanza.

Nilipanga dawa. Mzee atarekodiwa akiomba radhi. Atasema polepole, bila mzaha, kwamba alikosea, kwamba hana kaka aliyekufa kwa karanga, kwamba anamwomba mama msamaha mbele ya Watanzania wote. Nilimwandikia hata maneno ya kusema, nikayachapa kwa herufi kubwa kwa ajili ya miwani yake, nikaenda nayo Kongwa.

Nilimkuta kwenye magunia yake. Hakuwa anashona. Kibanda cha mama kilikuwa na kufuli.

Alisoma karatasi yangu mpaka mwisho, akairudisha.

"Hapana, binti."

"Mzee wangu, ni dakika moja tu."

"Hata nusu. Mtani haombi radhi. Nikiomba radhi, maana yake nilikuwa namtukana kweli. Miaka yote hii itakuwa matusi."

"Lakini mama anaangamia!" Nilipandisha sauti kwa mtu wa umri wa baba yangu, sokoni, watu wakageuka. "Unataka kulinda mila zako yeye abaki na sumu kwenye jina lake? Kama ungefunga mdomo wako siku ile tusingefika hapa!"

Alivua miwani akaifuta kwa shati, na nikaona macho yake mekundu. Nilitamani maneno yangu yarudi. Hayakurudi, kama yale mengine.

Mama alikuwa amefika nyuma yangu, amesikia yote. Akanishika mkono, mkono mgumu wa kusaga, akanivuta mpaka nyuma ya kibanda.

"Nitakwambia jambo ulisikie vizuri," alisema. "Siku tuliyomzika mume wangu, nilikuwa sijala siku tatu. Sikulia wala sikusema. Watu walidhani nitamfuata. Kaburi limeshachimbwa, huyu Mnyamwezi akaja, akaruka ndani akalala chali. Akasema hili ni la kwangu, limenitosha, mtafutieni marehemu jingine. Wakamsihi, akakataa. Akataka kuku. Akaletewa kuku, akasema amekonda, anataka na jogoo. Mwanangu, nilicheka. Nilicheka kaburini kwa mume wangu, kisha ndiyo machozi yakatoka. Jioni nikala ugali. Sasa wewe unataka aseme kwamba yote aliyowahi kunitendea ni makosa? Ukimfanya aniombe radhi utakuwa umeniua mara ya pili."

Nilikunja karatasi yangu nikaitia mkobani.

Majibu ya sampuli yalitoka baada ya majuma kadhaa: safi, hakuna sumukuvu. Mama alinipigia kwa shangwe, nami nikaipiga picha barua ile yenye mhuri, nikaiweka kila mahali nilipoweza. KARANGA ZA KONGWA NI SALAMA. Nilikaa kuitazama kama mtu anavyotazama sufuria lisilochemka. Waliobofya walikuwa wachache, na mmoja wao alikuwa dada yangu. Habari njema haina miguu. Watu wawili waliandika kwamba barua imenunuliwa.

Maduka ya mjini hayakurudi. Sokoni watu waliomjua walinunua kama zamani, lakini wao peke yao hawakuishibisha mashine, akaiuza, akarudi kwenye kinu. Makopo yenye uso wake yaliyobaki alitilia chumvi na mbegu. Mimi niliifuta ile video kwangu, ila huwezi kufuta kilichoko mikononi mwa wengine. Nilipopita Kongwa niliwaona bado wamekaa pamoja, mama na mzee, na bado walitaniana. Kilichobadilika ni kitu kidogo, na sidhani kama mwingine alikigundua. Kabla ya kufungua mdomo, mzee aliangalia kwanza kulia na kushoto.

Alifariki mwanzoni mwa masika, presha. Mama alinipigia kunipa habari, lakini mtandao ulikuwa umeshanipa. Mtu alikuwa ameichukua video ileile, akakigeuza kidogo kichwa changu na kuongeza neno moja mwishoni: MZEE ALIYETOA ONYO ZITO KUHUSU KARANGA ZA KONGWA AFARIKI. Chini yake watu walikuwa wanaandika waliyoyaandika.

"Wameandika nini?" mama aliuliza nilipomwambia kwamba video imerudi.

Nilimsomea: karanga zimemuua na yeye. Nikasikia kuku wakilia nyuma yake.

"Basi waandike. Mimi nitakwenda kumtania. Yeye alikuja kwangu."

Nilikwenda Kongwa siku ya mazishi, nikakaa kwenye mkeka na wanawake waliokuwa nje. Wanaume walikuwa chini ya turubai. Mjane wa mzee alikuwa chumbani, karibu na mlango, na tulimsikia anavyolia kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka. Watu walikuwa wanamsubiri mama. Walioketi karibu nami walinong'onezana atafanya nini leo, atavaa koti la marehemu, ataficha jeneza, atadai magunia yote yawe yake. Mzee mmoja alikuwa ameanza kutabasamu kabla hajaona kitu.

Mama aliingia uani na gunia tupu begani. Chini ya kanga alikuwa ameshika kitu. Alipofika katikati akakitoa, na wote tukakiona: kopo la karanga, uso wake kwenye kifuniko, unacheka. Nilielewa mara moja utani wake, na nadhani kila mtu aliuelewa. Mahali pale palikuwa na kiu ya kucheka mpaka unaisikia.

Akainua kopo juu. "Si niliwaambia..." alianza.

Karibu na nguzo ya turubai, mwanamke mmoja aliinua simu.

Mama aliiona. Mdomo wake ulibaki wazi. Kisha akanitafuta mimi kwa macho katikati ya wanawake wote wale, kwa kuwa mimi ndiye niliyezijua simu, ndiye mtaalamu. Alikuwa ananiuliza. Na mimi, niliyekuwa bado na kile kichwa cha habari kichwani, nikaona video ya kesho, nikaona maneno yatakayoandikwa chini yake. Nikatikisa kichwa. Usiseme.

Mama alishusha mkono. Akalirudisha kopo chini ya kanga.

"Poleni sana wafiwa," alisema, kwa sauti ya mgeni. "Mungu awatie nguvu."

Akaja akakaa kwenye mkeka, pembeni yangu, miguu ameikunja kama wanavyokaa wanaopita tu. Yule mwanamke wa kwenye nguzo alitazama simu yake, akaitia mfukoni, akamwambia jirani yake kwamba ni saa nane na robo, mbona wanachelewa.

Ndani, kilio kilikatika kidogo. Tukasikia mjane anauliza, sauti imekauka, "Mtani wetu bado hajafika?"

Mama alikuwa hatua tatu kutoka mlangoni, gunia mapajani, kopo ndani ya kanga, na mkono wake wote umelifunika.